Petroli ya Tisini na Tano

Ijumaa, 6 Juni

Leo ni miaka thelathini na moja, miezi minne na siku tisa tangu tuvuke mpaka kuja huku. Nimehesabu mara mbili. Nilikuwa mpima ardhi, na mpima ardhi huhesabu mara mbili.

Jana, aibu. Naiandika leo.

Mke wangu ana mtoto wa jicho, jicho la kushoto. Kliniki ya macho ni Alhamisi. Hospitali iko juu ya mlima, na bibi wa dirishani hutoa namba mpaka saa tatu kamili. Saa tatu na dakika moja hufunga dirisha na kunywa chai yake hadharani. Jana gari letu lilizimika katikati ya mlima. Mara mbili! Tukakaa kando ya barabara, boneti wazi, mvuke unapanda, mke wangu amejifunika mtandio asitambulike. Lori la mchanga likatupita. Dereva wake alinipungia mkono kwa huruma. Tukafika saa tatu na dakika nane.

Bibi wa dirishani alisema hiyo ni mara ya kwanza. Mgonjwa akikosa mara ya pili, jina lake linarudi chini kabisa ya orodha ya wanaosubiri kupasuliwa. Chini kabisa ni miezi minane. Nilimweleza kwamba dakika nane ni sehemu moja tu ya mia na themanini ya siku nzima. Akasema hesabu yangu ni nzuri, niende nayo nyumbani.

Jioni mke wangu alitoa hukumu huku akichambua maharage. Alhamisi ijayo atakwenda na mdogo wake. Gari letu apewe yule anayenunua vyuma chakavu. Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililonitisha.

Mdogo wake, yaani shemeji yangu, tunamwita Meneja. Aliwahi kuwa meneja wa ghala kwa miezi mitatu, miaka kumi na tisa iliyopita, na cheo hajakishuka mpaka leo. Ana gari jipya ambalo humwambia kwa sauti ya kike afunge mkanda. Alikuwepo wakati wa hukumu, maana huwepo kila wakati wa chakula. Akasema, "Usijali, dada, mimi nitakufikisha kama yai." Kisha akanigeukia, akaniambia nisivunjike moyo, shemeji, hata punda hufika siku akapumzishwa.

Tulivuka mpaka mimi nikiwa nimeshika usukani wa gari la kuazima, mke wangu kando yangu. Tangu siku hiyo sijampa mtu mwingine kazi ya kumwendesha mke wangu.

Nimeomba muda. Nimepewa mpaka Jumatano jioni. Sharti: gari lipande mlima, yeye akiwa ndani, bila kusimama. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Tayari nina wazo.

Jumamosi, 7 Juni

Wazo lenyewe: petroli.

Tangu tulinunue gari hili nimelinywesha oktani tisini na moja, ile ya kawaida, ambayo watu hutia hata kwenye mashine za kukatia nyasi. Pampu ya pili pale kituoni, yenye mpira mwekundu, hutoa tisini na tano. Sijawahi kuigusa. Nilidhani ni ya watu wengine.

Asubuhi nimesoma kitabu cha gari, chote, pamoja na sura ya redio tuliyoibiwa. Ukurasa wa 112: tumia petroli ya oktani 91 au zaidi. Au zaidi! Nimesoma vitabu maisha yangu yote, na najua mwandishi haweki neno bure. Kama tisini na moja ingetosha, angeweka nukta akaenda kulala. Miaka yote hii amekuwa akinikonyeza na mimi sijamwona.

Meneja alipokuja kula nilimwonyesha ukurasa. Akasema hata gari lake jipya linatumia tisini na moja, imeandikwa kwenye kifuniko cha tangi. Nikamwambia kila mtu husoma kwa kiwango chake. Mke wangu akasema tule.

Mchana, kipimo cha kwanza, petroli ya kawaida. Mlima una mita 1,140 kutoka kibao cha chini mpaka lango la hospitali, na unapanda mita 86. Nimeupima mwenyewe. Ili kipimo kiwe cha haki nilihitaji uzito wa mke wangu ndani ya gari. Akakataa kuja. Nikamwomba basi anitajie kilo zake nijaze mchanga kwenye gunia. Akasema niandike "za kutosha".

Meneja akajitolea kukaa badala yake. Eti anataka kujionea. Amekaa kwenye kiti cha mke wangu, ameshusha kioo, kiwiko nje, kama bwana harusi.

Tumepanda kwa gia ya kwanza tangu chini hadi juu. Dakika sita na sekunde arobaini. Sindano ya joto ilikuwa imelala mwisho tulipofika langoni. Nilimwambia Meneja kwamba haraka haraka haina baraka. Akasema maneno hayo nikamwambie bibi wa dirishani. Pia aliniomba nipunguze mwendo kidogo, kwa kuwa konokono waliotutangulia wameanza kuogopa.

Nimeandika muda tu. Maneno yake hayana umuhimu wa kisayansi.

Jumapili, 8 Juni

Tatizo la kitaalamu. Tangini mna lita kumi na nane za kawaida. Nikimimina tisini na tano juu yake, nitapata mchanganyiko, na mchanganyiko hauthibitishi kitu. Lazima ya zamani iishe kwanza.

Nikaanza kuzunguka mtaa wetu saa mbili asubuhi. Mzunguko mmoja ni mita mia tisa. Mizunguko thelathini ya mwanzo majirani walinipungia mkono. Baada ya sitini waliacha. Baada ya themanini fundi viatu wa kona aliingiza kiti chake ndani na kufunga nusu ya mlango. Katika mzunguko wa tisini mke wangu alisimama getini na kopo la maji, akaninyooshea kama wanavyowapa wakimbiaji. Nilipokea bila kusimama. Nusu ya maji yaliniingia kwenye mkono wa shati. Kwenye kioo nilimwona amesimama pale, amefunika jicho bovu kwa kiganja ili anione vizuri. Kisha akatikisa kichwa na kuingia ndani.

Mpango ulikuwa petroli iishe mbele ya kituo cha mafuta. Baada ya mizunguko mia moja na arobaini niliamini wakati umefika, nikaelekea huko. Ikaisha mita mia tatu kabla. Kati ya kilomita mia moja na ishirini na sita, hilo ni kosa la chini ya robo ya asilimia moja. Katika kazi yangu ya zamani wangenipongeza.

Nikasukuma mwenyewe mpaka mgongo ukatoa sauti. Akatokea Meneja, kwa bahati tu, kama anavyosema yeye. Akanifunga kamba. Gari lake likaanza kumwonya kwa ile sauti ya kike kwamba nyuma kuna kizuizi. Akalijibu: "Ni shemeji huyo, endelea."

Kituo kilikuwa kimefungwa. Jumapili hufunga saa tisa. Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

Meneja akanivuta tena, kurudi nyumbani. Tulipita mbele ya majirani wote. Wakaanza upya kunipungia mkono.

Jumatatu, 9 Juni

Meneja amenivuta mara ya tatu, mpaka kituoni. Nimejaza lita ishirini za tisini na tano. Mama wa pampu ni mwanamke wa makamo, mkavu, mwenye kofia iliyopauka na macho ya mtu aliyeona magari mengi. Alisema wenye magari ya rika la langu hawaichukui ile. Nikamweleza maana ya "au zaidi". Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nataka nifutiwe kioo.

Gari liliwaka mara ya nne, lakini kwa heshima. Sauti imebadilika. Nzito kidogo, ya mtu aliyesoma. Meneja hakusikia tofauti yoyote. Ana masikio ya kusikiliza redio tu.

Kipimo cha pili. Mlima uleule. Meneja yuleyule, ingawa amekula zaidi ya Jumamosi; nimemsamehe. Dakika sita na sekunde thelathini na nane.

Sekunde mbili!

Meneja akadai kwamba Jumamosi tulichelewa kwa sababu ya mbwa. Nikamwambia mbwa alivuka kwa mbali. Akasema, "Shemeji, mbwa alivuka, akarudi, akakaa katikati, akajikuna." Sitabishana na mtu asiye na daftari.

Jioni nilimpelekea mke wangu matokeo. Nilimchorea na mchoro, wino wa rangi mbili. Aliusogeza karibu, akausogeza mbali, akaniuliza: kama ni sekunde mbili kwa kila tangi, tutajaza matangi mangapi mpaka tufike kabla ya yule bibi kufunga dirisha? Nikamwambia sayansi haiendi hivyo. Akasema hata yeye haendi hivyo. Akachukua simu, akampigia Meneja kumkumbusha Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, na asisahau kuleta mto wa kuegemea.

Nilikuwa nimesimama palepale, mchoro mkononi.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa fundi. Si kwamba nina mashaka. Nilihitaji shahidi mwenye taaluma.

Fundi wetu watu humwita Daktari, kwa kuwa huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini sikioni, akafumba macho, akasikiliza. Leo alisikiliza muda mrefu kuliko kawaida. Akafumbua macho. Akasema, "Pole, mzee."

Nikamweleza habari ya oktani tangu mwanzo, pamoja na ukurasa wa 112. Akaniacha nimalize. Ndipo akasema oktani siyo nguvu, ni uvumilivu. Ndani ya silinda petroli hubanwa kwanza, halafu cheche huiwasha. Yenye oktani ndogo ikibanwa sana hukosa subira, hulipuka kabla ya cheche, na injini hugonga. Yenye oktani kubwa hungoja. Kwa hiyo injini zinazobana kwa nguvu, kama za magari ya mbio, huihitaji kweli. "Ya kwako haibani hivyo, mzee. Haijawahi kugonga hata siku moja. Wewe unampa dawa ya kikohozi mtu asiyekohoa." Akaongeza kwamba moto uliomo katika petroli zote mbili ni karibu uleule.

Nikamuuliza basi zile sekunde mbili zilitoka wapi. Akaniuliza kama hakukuwa na mbwa. Nashuku wamezungumza.

Akafungua kichujio cha hewa. Ndani mlikuwa na kiota cha panya. Sufi, nyuzi za zulia letu, maganda ya karanga, vyote vimepangwa kwa ustadi, kazi ya mtu mwenye nia ya kukaa. Mwenyewe hakuwepo. Injini yangu ilikuwa inavuta pumzi kupitia chumba cha kulala cha mtu.

Kisha akashusha tangi ili alisafishe kutu, na tisini na tano yangu yote akaimimina kwenye jenereta yake. Nilipinga kwa maneno makali. Baada ya nusu saa akaniita niisikilize jenereta. Inazunguka vilevile kama jana, akasema, isipokuwa leo inajiona.

Kisha akafungua buti.

Hili naliandika kwa utulivu. Katika hesabu zangu za Jumamosi niliweka uzito wa kila kitu. Mimi, Meneja, tairi la akiba, jeki, mwavuli, hata miwani yangu. Masanduku sikuyaweka. Ni masanduku matatu ya bati tuliyovuka nayo mpaka. Tulipolipata gari hili, mwaka wetu wa nane huku, niliyahamishia kwenye buti ili siku ya kurudi tusipoteze muda kupakia. Yapo humo miaka ishirini na mitatu. Sikuwa nimeyasahau. Nayaona kila nikiweka mboga juu yake. Ila katika akili yangu hayakuwa mzigo. Yalikuwa safari.

Fundi akaleta mizani yake ya kupimia vyuma. Kilo mia moja na sitini na mbili. Akajifuta mikono kwenye kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akasema, "Mzee, chagua. Masanduku au mama. Gari hili haliwapandishi wote."

Nikamwambia ayarudishe ndani. Akayarudisha. Akaweka kichujio kipya, akanipa lita moja ya kawaida ya kunifikisha nyumbani, akanisindikiza mpaka barabarani kama mtu anayemsindikiza mfiwa.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi na mapema nimeyashusha masanduku. Peke yangu, moja baada ya jingine, nimeyaburuta mpaka sebuleni. Isieleweke vibaya. Nimefanya hivyo ili tisini na tano ipate nafasi ya kujieleza bila kuingiliwa.

Mke wangu akatoka jikoni akayakuta. Akasimama. Nikamwambia ni kwa muda tu. Akasema ndiyo, hata nyumba hii tuliipanga kwa muda tu. Funguo zilipotea zamani. Akaleta kisu, akapiga kufuli la kwanza, likakatika kama biskuti.

Ndani: vitabu vyangu sitini na vinne. Ramani za mabonde niliyoyapima kwa miguu yangu, karatasi imeota madoa pale penye mito. Kamba ya chuma ya kupimia. Viatu vya shule vya binti yetu, namba thelathini. Binti yetu sasa ana miaka thelathini na minane, anaishi nchi nyingine kabisa, na miguu yake haikungoja. Chini kabisa, mapazia ya sebule ya kule. Mke wangu akayanusa, akayainua kwenye mwanga, akasema hata kule yalikuwa mabaya, alinyamaza tu kwa sababu aliyachagua mama yangu.

Nilitegemea atalia. Akaomba misumari. Anataka rafu.

Nikamuuliza, na siku tukitaka kuondoka? Akaniuliza ni nani nimwandikie barua kule kwamba tunakuja. Nikataja ndugu yangu. Akanikumbusha. Nikataja jirani yetu wa upande wa kisima. Akanikumbusha. Nikasema basi yule karani wa ofisi ya ardhi. Akasema, "Huyo, baba, alikuwa mzee wakati sisi ni vijana."

Nikamwacha anapima ukuta kwa kamba yangu, vibaya, nikaenda kituoni.

Nikaomba lita ishirini za tisini na tano. Mama wa pampu akaanza kunieleza jambo fulani kuhusu lori la mafuta, lakini nilikuwa namfafanulia makosa ya fundi na sikupenda kukatizwa. Akainua mabega. Akajaza. Akaandikaandika kitu, akanipa risiti. Nikaitia mfukoni.

Saa kumi na moja jioni, mtihani. Mke wangu mbele, mkoba mapajani. Meneja nyuma, shahidi ambaye hakualikwa. Kibao cha chini. Gia ya kwanza. Ya pili! Gari halikutetemeka. Halikulia. Pale tulipozimikia wiki iliyopita nilitaka kukanyaga breki kwa mazoea, nikakuta tumeshapapita. Mbele yetu lori la mchanga. Tukalipita! Nilimpungia dereva mkono, kwa huruma.

Dakika mbili na sekunde tano!

Nikasimamisha gari langoni nikangoja mtu aseme kitu. Mke wangu akaniambia nifunge mdomo, nzi wataingia. Halafu akasema kesho tutoke saa moja na nusu. Tutoke, alisema.

Meneja akasema ukitoa kilo mia moja na sitini na kiota cha panya, hata kabati litapanda mlima. Wivu. Ushindi ni wa tisini na tano.

Alhamisi, 12 Juni

Tumefika saa moja na dakika hamsini na mbili. Bibi wa dirishani alikuwa bado anavua koti. Namba moja! Meneja alitufuata nyuma na gari lake njia nzima, taa zinamulika, eti likitokea la kutokea. Namba mbili alichukua yeye. Macho yake hayana tatizo. Hawezi tu kuona foleni akaiacha.

Kwenye benchi niliwaeleza wagonjwa habari ya oktani. Watu wanne walinisikiliza mpaka mwisho. Wawili kati yao walikuwa wamefungwa macho na hawakuweza kuondoka.

Hapo ndipo mke wangu, akitafuta kadi ya kliniki kwenye mfuko wa koti langu, alipotoa risiti ya jana. Akaisogeza kwenye jicho zuri. Akasoma kwa sauti, polepole, benchi nzima inasikia. Petroli, oktani tisini na moja, lita ishirini. Akaigeuza. Nyuma yake, kwa mwandiko wa mama wa pampu: "Tisini na tano imeisha, lori halijaja. Nimekuambia mara tatu."

Meneja alicheka mpaka muuguzi akamtoa nje. Tukamsikia akicheka nje. Muuguzi akafunga dirisha.

Nikatafakari. Haikuchukua muda. Jibu liko wazi, nashangaa wenzangu hawalioni. Ile tisini na tano ya Jumatatu ilikuwa imeshaifunza injini. Kitu kizuri hubaki mwilini muda mrefu baada ya chenyewe kuondoka. Mimi naweza kutoa ushahidi: mpaka leo nikiota, mito yote inateremka upande ule iliokuwa ikiteremka kule. Sasa kama kumbukumbu ya siku moja imeleta dakika mbili na sekunde tano, petroli yenyewe ingeleta nini?

Nikamnong'oneza mke wangu. Akasema nimshikie mkoba, ameitwa.

Akatoka na tarehe. Atapasuliwa Jumatano, 18 Juni. Tulipokuwa tunashuka alinishika mkono, mbele za watu, na hakuuachia mpaka kwenye gari. Alisema ni kwa sababu ya ngazi. Ngazi ni sita. Gari lilikuwa mita arobaini mbele.

Jumamosi, 21 Juni

Miaka thelathini na moja, miezi minne na siku ishirini na nne.

Jumatano nilimpandisha mimi. Dakika mbili na sekunde nne. Wakampasua asubuhi hiyohiyo. Juzi bendeji ilitolewa, na tangu hapo hakuna amani. Ameona buibui wa darini. Ameona kola zangu. Ameniuliza tangu lini nimezeeka hivi, na kwa nini hakuna aliyemwambia. Ameona pia kwamba rafu aliyoipigilia imeinama, akaniuliza kama imeinama kweli. Nimeipima. Digrii tatu. Nimemwambia imenyooka.

Lakini habari kubwa ni nyingine. Dereva wa lori la mchanga, ambaye sasa tunasalimiana, ameniambia kuna kituo kinachouza oktani tisini na nane. Tisini na nane! Kiko kilomita mia moja na arobaini kutoka hapa, kwenye barabara kuu ya kuelekea mpakani. Nimepiga hesabu. Kwenda ni lita kumi na nne, kurudi ni kumi na nne. Tangi langu ni la lita arobaini na mbili. Nikijaza huko, nitafika nyumbani na lita ishirini na nane. Kwa hiyo nitachoma lita ishirini na nane ili nipate lita ishirini na nane. Faida yote iko kwenye ubora.

Nimemweleza fundi. Ameniwekea bisibisi kifuani, amesikiliza, ameniambia niende nikalale. Meneja amesema kamba anayo, nimpigie tu.

Mezani nilikunjua ramani nipange safari. Mke wangu akaja akasimama nyuma yangu, akaitazama kwa macho yote mawili. Barabara ile anaijua. Ndiyo tuliyokuja nayo. Akaniuliza kutoka kituo hicho mpaka mpakani ni umbali gani. Nikamwambia kilomita kumi na sita. Akaniuliza, sasa nikishajaza hiyo tisini na nane, tangi limejaa, gari lina nguvu, je, nitaendelea mbele? Alikuwa anakunja soksi. Hakuinua uso.

Nikamwambia nitageuza gari palepale pampuni. Alhamisi anaangaliwa jicho, na namba hutolewa mpaka saa tatu.

Naondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nitajaza, nitageuza. Kule kwetu sitarudi.